Mfasiri wa Kiswidi wa Section 58

Mfasiri hakukubali kukaa kwenye benchi la wateja. Cyber yangu ni chumba kimoja kinachotazama barabara pale Section 58, na watu wanaokuja kuchapisha eulogy za mazishi au kujaza ritani za kodi hukaa kwenye benchi la ukutani mpaka zamu yao ifike. Yeye alisimama kando ya printa, akaupokea kila ukurasa ungali na joto, akausoma palepale. Kabla kazi haijafika nusu aliniinulia mkono.

"Simamisha."

"Kuna shida, Auntie?"

"Hii sentensi ni ya uongo."

Nilidhani ni mambo ya kesi. Watu wengi huniletea karatasi za kesi za mashamba, na humo uongo haukosekani. Nikamwuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyemsingizia.

"Hakuna," akasema. "Mimi ndiye nimemsingizia mwenye kitabu."

Akachomoa kalamu iliyokuwa kwenye nywele, akakata mstari mzima, akaandika mwingine juu yake, akausoma kimya huku midomo ikicheza, kisha akaukata na huo. Watu nyuma yake walianza kunung'unika. Hakugeuka.

Ndivyo nilivyofahamiana na mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kuzitoa riwaya katika Kiswidi na kuzitia katika Kiingereza. Sijasikia mwingine wa kazi hiyo Nakuru nzima, na pale mtaani hakuna aliyeelewa vizuri anafanya nini. Wengine walisema ni mtu wa ubalozi. Wengine walisema anakula pensheni ya Sweden na hizo karatasi ni za kujipitishia wakati. Mama mboga wetu, aliyempenda sana, alimwuliza siku moja mbele yangu.

"Kwani Mathe, hivi vitabu ni wewe unaandika?"

"Hapana. Kuna mama mmoja kule Sweden ndiye anaandika. Mimi namwambia Mwingereza vile mama amesema."

"Na Mwingereza hawezi kumwuliza mwenyewe?"

"Angeweza, ningekosa kazi."

Kiswidi chake alikipata kando ya vitanda vya wazee. Alikwenda huko akiwa msichana, kusomea uuguzi, na badala ya kurudi baada ya masomo akakaa miaka mingi akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wakongwe, katika mji mdogo wa kaskazini. Darasani walimfundisha lugha ya kujaza fomu na kuuliza njia. Wale wazee walimfundisha lugha nyingine: maneno ya kukamulia ng'ombe, ya kumkemea mbwa, ya kumlilia mtoto aliyezama ziwani. Jioni aliwasomea vitabu vyao, nao wakamsahihisha bila huruma.

"Walikuwa wananisahihisha mpaka dakika ya mwisho," aliniambia. "Kuna mzee mmoja alinishika mkono kwa nguvu, nikajua sasa ananiaga. Kumbe nilikuwa nimetamka neno vibaya. Nikalitamka tena. Ndipo akaniachilia."

Kwa sababu hiyo alizungumza lugha ya watu ambao karibu wote walikuwa makaburini. Simu ikitoka Sweden, vijana wa huko walicheka wakamwambia anasikika kama nyanya zao. Hakuona haya. Alichagua vitabu vya wazee tu, vya wajane na wakulima na watu waliobaki peke yao mashambani baada ya watoto kuhamia mjini. Akiletewa kitabu cha mapenzi ya vijana alikirudisha. "Hao siwawezi," alisema. "Sijui wanavyopumua."

Nyumba yake ilikuwa kama ya watu wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Viatu ulivua mlangoni, hata ungekuwa nani. Nimeona mchungaji wa kanisa lake akitafuta pa kuficha soksi iliyotoboka. Katika mtaa ambao kila nyumba ina thermos ya chai ya maziwa, yeye alikunywa kahawa nyeusi, na kuipikia wageni bila kuwauliza. Aliinywa kwa mahamri aliyonunua kwa jirani Mwislamu, akisisitiza kwamba iliki iwe nyingi. Huko kaskazini, aliniambia, wanatia iliki kwenye mikate yao midogo ya kahawa, na asubuhi nyumba nzima ya wakongwe ilinukia kama jikoni kwa mtu wa Mombasa. Nilipomwuliza anakosa nini kingine cha Sweden alifikiri kwa muda mrefu, akasema, "Mabasi kufika saa yake." Kisha akafikiri tena. "Na kunyamaziwa."

Baridi hakuipenda kabisa. Mwezi wa saba, Nakuru ikipigwa na ule upepo wa ziwani, alikaa mezani na sweta juu ya sweta na shuka magotini, akifasiri kurasa za theluji. Nilimwuliza kwa nini mtu anayechukia baridi afanye vitabu vya theluji.

"Kwa sababu kitabu naweza kukifunga," akasema.

Kila asubuhi alitembea uani akisoma kwa sauti yale aliyoyaandika jana yake. Alienda mpaka kwenye tanki la maji, akageuka, akarudi, mkono mmoja ukipiga mapigo hewani. Askari mpya wa getini alimwona hivyo wiki yake ya kwanza, akavua kofia na kungoja. Baadaye alikuja kwangu.

"Madam, yule mathe ako na upako. Anaombea ploti yote, na anaombea kwa lugha."

Nilimpelekea Mfasiri habari hiyo nikidhani atacheka na kuacha. Alicheka, na kuanzia siku hiyo akasoma kwa sauti ya juu zaidi.

Mimi alinitumia kama sikio. Sikuwa msomaji, nilikuwa na cheti cha kompyuta, na riwaya ya mwisho niliyoimaliza ilikuwa ya mtihani wa shule. Alinikalisha jikoni kwake akaniambia, "Nikisoma, wewe inua kidole pale akili yako inapotoroka." Basi nikawa nainua. Mwanzoni niliogopa kumkosea heshima, nikawa najilazimisha kusikiliza. Aligundua. "Mama Ciku, unanidanganya kwa uso," akasema. Tangu hapo niliinua kidole kila nilipojikuta nafikiria wino wa printa au karo ya shule, naye hakuwahi kuuliza nilikuwa nimefika wapi. Aliweka alama tu pembeni, na kesho yake sehemu hiyo ilikuwa imebadilika. Mara moja nilimwambia ukurasa fulani ni nice. Alinifukuza. "Nice ni ya keki. Nenda, urudi ukiwa na neno."

Kwa neno moja angeweza kungoja mwezi. Kwa watu hakuwa na subira ya dakika mbili. Aligombana na fundi wa bomba, na kamati ya maji, na wanakwaya wenzake, na kwa kawaida alikuwa na haki, jambo ambalo halikumsaidia. Lakini nilimwona pia siku ambayo kijana mmoja wa mtaa wa Kaptembwo, wa kazi za mjengo, aliniletea eulogy ya kaka yake. Ilikuwa mistari michache kwenye karatasi ya daftari: alizaliwa, alisoma, aliugua, Bwana alimtwaa. Mfasiri alikuwa pale akingoja kurasa zake. Aliisoma begani kwangu bila kuombwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaenda kuketi kwenye benchi la wateja.

"Kuja ukae hapa," akamwambia. "Kaka yako alikuwa anacheka vipi?"

Kijana alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la polisi. "Alikuwa anacheka tu, mathe."

"Kwa sauti ama kimya?"

"Kimya. Mabega ndiyo yalikuwa yanaenda."

"Nini kilikuwa kinamchekesha?"

Ikatoka kidogo kidogo. Kaka alikuwa amewahi kubeba kiti cha sofa kichwani kutoka mjini mpaka Kaptembwo, kwa sababu aliyemuuzia alisema hawezi. Alipofika, kiti hakikuingia mlangoni, akakaa juu yake nje siku nzima akisalimia wapita njia kama chifu. Kijana alieleza hayo akicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Mfasiri hakuongeza hata neno moja lake. Alimwambia tu kipi kitangulie na kipi kifuate, nami nikachapa. Baada ya mazishi hayo watu wa Kaptembwo walianza kuja kuniuliza kama yule mathe wa maswali yupo.

Sasa nieleze habari ya neno lililomtesa, kwa maana kazi yake yote naiona hapo.

Kitabu chake cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, kazi ya miaka. Ndani yake mkulima amekufa, na asubuhi ya mazishi watoto wanamletea mama yao nguo nyeusi na kumwambia avae, watu wanangoja. Mama anajibu kwa maneno matatu: *jag orkar inte*. Mfasiri alinieleza akitembea jikoni.

"Si kwamba hawezi. Si kwamba hataki. Na si uchovu. Ni mtu ameingia ndani yake kutafuta nguvu, akazunguka kila chumba, akatoka mikono mitupu. Wao wana neno la hiyo. Wanalitumia kila siku, hata kwa kuosha vyombo. Mwingereza hana."

Aliandika kwamba mama anasema hawezi, akakata. Akaandika kwamba hana nguvu, akakata, akasema hiyo ni sauti ya mwalimu wa Sunday school. Mwishowe akaacha nafasi nyeupe kwenye ukurasa, na nafasi hiyo ikakaa wiki baada ya wiki. Nilichapa sura ile mara nyingi na kila mara niliiona pale katikati, kama jino lililong'oka.

Wakati huo mteja wangu mmoja wa Njoro alifiwa na mumewe. Eulogy tulikuwa tumeitengeneza mimi na Mfasiri, kwa hiyo tulikwenda mazishini pamoja. Misa ilipokwisha wanawake walimwendea mjane mahali alipokuwa ameketi kwenye nyasi, wakamwambia ainuke, wanashusha jeneza. Alitazama magoti yake kama vile ni ya mtu mwingine. Akasema kwa utulivu kabisa, "Mwili umekataa."

Nilihisi Mfasiri ameshtuka kando yangu. Nilimjua, nikaogopa kwamba atachomoa kalamu yake mbele za watu. Hakuichomoa. Alikwenda akaketi kwenye nyasi karibu na yule mama, akanyoosha miguu kama yeye, na wengine wote tulipokwenda kaburini wao wawili walibaki pale.

Asubuhi iliyofuata alinikuta nafungua kufuli. "Andika," akasema, nami nikafungua faili na kujaza ile nafasi: *The body has refused.* Alinifanya niisome kwa sauti. Hakuniuliza maoni. Baadaye alirudi Njoro peke yake kumwomba yule mjane ruhusa, kwa sababu alisema maneno ya mtu kwenye siku kama hiyo hayaokotwi tu kama embe lililoanguka. Mama wa watu hakuelewa anaombwa nini, lakini alimjibu kwamba hata si yake, alikuwa ameyasikia kwa mamake.

Kitabu kikaisha, kikatumwa kwa wachapishaji Uingereza. Jibu la mhariri lilipofika intaneti ya kwake ilikuwa imekatika, akaja kulisomea kwangu. Mhariri alisifu kazi kwa aya nzima. Kisha akasema kwamba wamempa mtu mmoja kurasa azipitie, mtu aliyezaliwa ndani ya Kiingereza, ili lugha iteleze vizuri, na kwamba ingefaa jina la mtu huyo liwekwe pamoja na lake. Masahihisho yalikuwa yameambatishwa, kwa rangi nyekundu.

Nilitegemea moto. Badala yake alikwenda nyumbani, akafunga mlango, akayapitia masahihisho yote, moja moja. Alipotoka alikuwa amekubali mengi kuliko aliyokataa. "Huyu mtu anajua," alisema, na sikusikia uchungu wowote. "Kuna mahali nilikuwa nimelala kabisa, ameniamsha." Lakini pale kwa mjane, yule mtu alikuwa ameifuta sentensi na kuweka nyingine laini, ya kawaida, ambayo ungeisikia kutoka kwa mtu anayeahirisha kwenda kwa daktari wa meno. Mfasiri aliwajibu kwa adabu. Alishukuru, akaomba msahihishaji atajwe kwenye shukrani, akasema sentensi ile inabaki na jina la mfasiri ni moja. Wakamjibu kwamba katika hali hiyo hawataweza kuendelea. Akaiondoa tafsiri yake kwao.

Niliona anakosea, nikamwambia. Jikoni, kahawa ikipoa.

"Auntie, ni sentensi moja tu."

"Si sentensi. Ni yule mama."

"Na jina? Si yanaweza kukaa mawili?"

"Angefasiri, tungekuwa wawili. Hajui Kiswidi hata cha kuomba maji. Amekipiga Kiingereza changu pasi, nashukuru. Lakini nguo nimeshona mimi."

"Wasomaji hawatajua tofauti."

"Hawatajua," akakubali. "Watasoma wapite. Ndiyo sababu siwezi kuwaachia wao waamue."

Miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Aliacha kutembea uani. Alipanda sukuma wiki nyuma ya nyumba na kuziangalia kwa muda mrefu kuliko sukuma inavyohitaji. Askari aliniuliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama mathe ameacha wokovu. Nilifikiri nimeona mwisho wake, kwamba ameiua kazi ya miaka kwa kiburi, na nilimkasirikia kama unavyomkasirikia mtu wa kwenu.

Aliyekifufua kitabu ni mwandishi mwenyewe. Alikuwa mwanamke mzee kumzidi Mfasiri, anayeishi peke yake huko huko kaskazini, na kabla ya hapo walikuwa wamezungumza mambo ya kazi tu. Alipopata habari kwamba Kiingereza kimekwama alipiga simu. Nilikuwa pale kwa bahati, nimempelekea Mfasiri mahamri. Mzee yule hakuuliza habari ya mkataba wala mhariri. Alitaka asomewe ukurasa wa asubuhi ya mazishi, kwa Kiingereza, ambacho alikijua vizuri.

Mfasiri aliweka simu mezani, akaifungulia sauti, akasimama. Alisoma ule ukurasa kama nilivyomsikia akiusoma mara nyingi, ila safari hii mkono wake haukupiga mapigo. Ulishika ukingo wa meza. Alipofika kwa mjane alishusha sauti. Akamaliza. Halafu sauti ya mzee ikatoka, swali fupi la Kiswidi. Mfasiri akajibu kwa kirefu kidogo, na katikati ya maneno yale ya kigeni nikasikia "Njoro".

Simu ilipokatwa nikamwuliza mzee alisema nini.

"Ameuliza ni nani aliyeniambia mamake mwenyewe alivyosema asubuhi ile," Mfasiri akajibu, akaenda kusimama dirishani akinipa mgongo.

Mwandishi aliwaambia wachapishaji: tafsiri ni hii au hakuna. Kitabu kikatoka na sentensi yake na jina moja la mfasiri, ndani, ukurasa wa pili, kwa herufi ndogo sana. Ungedhani angefurahi. Alilalamikia ukubwa wa zile herufi kwa wiki nzima. "Wameliandika kama wanaomba msamaha," alisema. Nami nilikuwa nikiitikia, mpaka siku moja nilipomkuta kwa mama mboga, kitabu kimefunguliwa juu ya nyanya, akimwonyesha mahali penyewe kwa kidole.

"Hii ndiyo wewe?" mama mboga akauliza.

"Hii ndiyo mimi."

"Ni kadogo lakini kanaonekana."

Macho yalianza kumsumbua mwaka ule kitabu kilipotoka. Presha ya macho, daktari akasema, na akasema amechelewa kuja. Mwandishi alikuwa tayari amempa kitabu kingine, kifupi, kuhusu mjane yule yule alivyozeeka peke yake na ng'ombe wake, na muda si mrefu baadaye mwandishi mwenyewe akafariki. Mfasiri alilia siku moja, kisha akaanza kazi huku akiona nusu ya ukurasa. Alimaliza sura za mwanzo kwa lenzi. Halafu lenzi nayo ikawa haina maana.

Mimi ndiye mtu wa kompyuta, nikadhani nina dawa. Nilimwekea programu inayosoma Kiswidi kwa sauti. Aliivumilia siku mbili, akaniambia niitoe.

"Matamshi ni mazuri," akasema. "Lakini haivuti pumzi. Haijui pa kuogopa. Wewe ndiye utanisomea."

"Kiswidi? Auntie, sijui hata salamu."

"Sikuambii uelewe. Nakuambia usome."

Basi nikafundishwa kusoma kwa sauti lugha nisiyoijua, mtu mzima, mama wa watoto. Kuna herufi iliyovaa nukta ambayo unaitamka kwa kusema *e* huku midomo imejikusanya kama ya mtu anayepiga mluzi. Kuna sauti yao moja ambayo ni kama kupuliza uji moto, na ndiyo iliyo mwanzoni mwa neno la ziwa na mwanzoni mwa neno la saba, kwa hiyo nilipuliza uji kutwa. Nikikosea aligonga meza. Nikikosea tena alisema, "Umemuua," nikajua nimemharibia neno lote. Mwanangu Ciku alinikuta jikoni nikipuliza na kupiga mluzi juu ya vitunguu, akaniuliza kama niko sawa.

Alipohamia Subukia kwa binti ya dada yake, kwa kuwa hangeweza tena kukaa peke yake, kazi ilimfuata. Jumamosi nilifunga cyber mapema, nikaenda na laptop. Mimi nilisoma sentensi ya Kiswidi. Yeye aliishika kwanza kichwani, uso umeelekea juu, kisha akanipa ya Kiingereza, nikaiandika, nikamsomea. Wakati mwingine alinirudisha kwenye ile ile mpaka chai ikaletwa na kuondolewa. Nilikuwa nimezoea kwamba maneno yanapita kwangu kwenda kwake. Nilimtazama usoni ili nijue nimesoma jambo la huzuni au la furaha, maana ndilo dirisha pekee nililokuwa nalo.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza ni Jumamosi moja kabla ya mvua za masika. Tulikuwa barazani. Binti ya dada alikuwa akikamua upande wa pili wa ua, na tulisikia maziwa yakigonga ndoo. Mfasiri alikuwa amepungua mwili. Alijifunika shuka ingawa jua lilikuwa kali. Tulikuwa tumefika sura ambayo mchungaji wa kanisa anapanda kilima kuja kumwona mjane baada ya kumsahau majira mazima. Anaingia, anakaa, anatazama jiko lililopoa, na kumwuliza kwa upole kama haoni upweke. Nikasoma jibu la mjane kama nilivyosoma mengine yote, nikichunga midomo yangu:

*"Nej, men kon har frågat efter prästen."*

Nikaangua kicheko.

Mfasiri aligeuza uso kwangu haraka. "Unacheka nini? Bado sijasema."

Hata mimi nilishtuka. Nilitazama ule mstari, mdomo wazi. Yalikuwa maneno yale yale ya kila ukurasa, hapana na ng'ombe na kuuliza na mchungaji, ila sasa yalikuwa yamesimama pamoja na kunitazama.

"Auntie, nafikiri nimesikia."

"Umesikia nini? Sema."

"Amemwambia hapana, yeye haoni upweke. Lakini ng'ombe ndiye amekuwa akimuulizia mchungaji."

Nilidhani nimekosea, nikangoja meza igongwe. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akashika kifua, akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, mpaka binti ya dada akaja mbio na ndoo mkononi kuuliza kuna nini.

"Ng'ombe anamtafuta mchungaji," Mfasiri akamwambia, na akashindwa kuendelea.

Binti alitutazama, akaitazama ndoo, akarudi kwa ng'ombe wake.

"Kwa Kiswidi si hivyo," Mfasiri akasema alipopata pumzi, akijifuta macho. "Kwa Kiswidi mchungaji hachungi kitu. Ni mtu wa kanisa tu. Hiyo nyingine ni ya kwetu. Yule mzee mwandishi angekuwa hai angetuibia utani huu."

"Na kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza itapotea. Nitafanya ninavyoweza." Akapapasa juu ya meza mpaka akaupata mkono wangu, akaushika. "Mama Ciku, miaka yote hii nimecheka peke yangu ndani ya vitabu hivi. Soma tena hapo. Polepole."